Kulea watoto wa kiume bila baba nyumbani: nani umpe kazi gani

Ukisema "nisaidieni kulea", wote wataitikia na hakuna atakayefanya. Mpe kila mtu kazi moja, yenye siku na saa.

Anza na mjomba, hata kama yuko Kongwa nawe unaishi Chang'ombe. Jumapili jioni ampigie simu kijana mwenyewe, si kupitia kwako. Likizo ya Juni kijana aende akapure mtama naye. Wakiwa kazini mazungumzo huja yenyewe. Kinachoharibu mpango huu ni "ngoja nimwambie mjomba wako". Ukishamgeuza mjomba kuwa kiboko, siku kijana anapopewa bangi au anapompa msichana mimba, mjomba ndiye atakuwa wa kwanza kufichwa.

Wa pili awe jirani mwenye kazi ya mikono: fundi baiskeli, cherehani au seremala. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa hiyo kazi ya hatari kama kuchomelea vyuma isubiri. Jumamosi saa tatu hadi saa saba inatosha. Kubalianeni mbele ya balozi wa nyumba kumi: shule haikosi, hatumwi sigara wala pombe, na kazi ifanyike kibarazani watu wakiona. Pita hapo bila kutoa taarifa. Mtu mzima anayempa mtoto zawadi za siri au kumwita chumbani peke yake, asimkaribie tena mtoto, hata awe mheshimiwa kiasi gani. Ripoti Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Tohara ifanyike hospitali au zahanati, mjomba akiwepo. Arudishwe kukaguliwa baada ya siku mbili, kisha siku ya saba. Damu isiyokoma, usaha au kushindwa kukojoa, rudi saa hiyohiyo. Kupona kabisa huchukua kama wiki sita, mpira usubiri.

Nyumbani, kijana wa miaka 10 asonge ugali. Asimwage unga wote kwa mkupuo, utatoka madonge: kwanza uji mwepesi uchemke, ndipo aongeze kidogokidogo akikandamiza mwiko ukutani mwa sufuria. Shangazi wakija na "huyo ni mwanaume, muacheni", wape wao mwiko. Na mkubwa usimwite "baba wa nyumba". Ataanza kuwatandika wadogo zake, au ataacha shule akatafute hela ya bodaboda.

Baba akiwa hai, matunzo ni haki ya mtoto, si fadhila. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii na cheti cha kuzaliwa pamoja na orodha ya gharama za mwezi. Baba akikaidi, shauri linaenda mahakamani. Ada za shule za serikali zimefutwa, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu yako. Nunua hisa za kikoba (kikundi cha kuweka akiba) tangu Julai ili mgao wa Desemba ukukute kabla shule hazijafunguliwa, na sare ichukue saizi moja juu, pindo likunjwe ndani.