Kuburuza magogo kwa trekta la zamani bila kupinduka

Trekta la Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na huku Mufindi, mkoani Iringa, bado utalikuta likitoa magogo ya misindano (paini) shambani kuyapeleka kwenye dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao. Langu lina injini ya Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi 45 hivi, na uzito wa tani moja na nusu. Kwa magogo ni hodari. Likifungwa vibaya, lakini, pua hupanda, trekta hulala chali, na dereva hubaki chini yake.

Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilifunga mnyororo juu, pale unapokaa mkono wa juu kati ya ile mikono mitatu ya nyuma ya kunyanyulia kwa hidroliki, kwa sababu hapo ndipo gogo linaponyanyuka vizuri. Gogo likanasa kwenye kisiki kilichofunikwa na majani makavu ya msindano. Kisiki sikukiona. Nilichoona ni boneti ikipanda na kuziba miti iliyokuwa mbele yangu. Nikakanyaga klachi, pua ikashuka kwa kishindo. Kuanzia matairi ya mbele kuachia ardhi hadi trekta kufika mahali lisipoweza kurudi, haipiti hata sekunde moja. Nilisalimika kwa sababu mguu ulikuwa juu ya klachi tayari.

Hatua ya 1: Kagua trekta

Funga pedeli mbili za breki pamoja kwa kile kipande chake cha chuma. Ukikanyaga breki ya upande mmoja huku unavuta mzigo, trekta litageuka ghafla. Angalia breki zinashika, matairi yana upepo, na kamba ya kuzimia injini inafanya kazi.

Halafu fremu ya kinga, ile ya chuma inayomkinga dereva trekta likipinduka. Matrekta mengi ya umri huu yalitoka kiwandani bila fremu. Sweden iliilazimisha kwa matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Tafuta fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta lako, pamoja na mkanda wa kiti. Mabomba ya maji yaliyochomelewa na fundi wa mtaani hayajapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo usiyategemee. Kama huna fremu, vuta magogo madogo kwenye tambarare tu, mteremko uache.

Mbele weka vyuma vya uzito. Ukining'iniza kilo 100 sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya trekta hili hupungukiwa na karibu kilo 50, na hapo bado hujaanza kuvuta.

Hatua ya 2: Pima gogo kabla ya kulifunga

Chukua futi kamba. Kipenyo kwa mita, zidisha kwa kipenyo, zidisha kwa 0.8, kisha zidisha kwa urefu. Gogo la sentimita 40 lenye mita 5 ni 0.4 × 0.4 × 0.8 × 5, yaani mita za ujazo 0.64. Msindano mbichi uhesabu tani moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hapo una kilo 640. Mlingoti (mkaratusi) mbichi unaweza kuzidi hapo. Ukinyanyua ncha moja, karibu nusu ya uzito huo inahamia kwenye mikono ya nyuma ya trekta.

Mimi kwa 135 sivuki kilo 600, hata njia ikiwa kavu. Gogo likizidi, nalikata vipande viwili, hata mwenye mbao akinung'unika.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kufungia

Hapa ndipo pa kutulia. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Kwangu ni sentimita 60 hivi. Mnyororo haufungwi juu ya kimo hicho kamwe. Ukivuta chini ya ekseli, gogo likinasa, matairi ya nyuma yatateleza au injini itazima, na hiyo ni nafuu. Ukivuta juu yake, nguvu ileile ya matairi inaizungusha trekta nzima kuelekea kwako.

Ninatumia fremu ya chuma iliyofungwa kwenye pini zote tatu za nyuma, yenye mkato wa kunasia mnyororo sehemu ya chini. Zile nondo nene zinazolazwa kati ya mikono miwili ya chini bila mkono wa juu ni hatari: mikono ikipanda, sehemu ya kuvutia inapanda nayo. Hata fremu yangu ingeweza kupanda kuliko ninavyotaka, kwa hiyo nimefunga boti kwenye njia ya kishikio cha hidroliki ili kisivuke. Nilinyanyua taratibu, nikapima kwa futi kamba, na fremu ilipofika sentimita 55 nikakaza boti hapohapo.

Kwa vile kimo ni kidogo, mnyororo uwe mfupi. Mnyororo mrefu huacha gogo likiburuza pua kwenye udongo hata ukinyanyua hadi mwisho.

Hatua ya 4: Kufunga

Tumia mnyororo wa kunyanyulia wa milimita 10, wa daraja la 80, ambao umepimwa kubeba tani 3.15. Ukiufunga kitanzi unapungua nguvu, ila unabaki na ziada ya kutosha. Kamba ya nailoni hapana: ikikatika inarudi kama fimbo. Zungusha kitanzi nusu mita kutoka kwenye ncha nene, ndoano ikiwa juu ili isikwame ardhini.

Utingo akimaliza kufunga, aondoke kabisa, asimame pembeni mbali kuliko urefu wa gogo, na umwone usoni. Asipande kwenye bawa la tairi, na asikae juu ya gogo.

Hatua ya 5: Kunyanyua na kuvuta

Kwanza tembea njia yote kwa miguu, upekue majani kwa fimbo kutafuta visiki. Kisha panda, nyanyua ncha shubiri moja tu kutoka ardhini. Inatosha gogo lisilime, na matope yasiingie kwenye gome yakaja kuua meno ya msumeno.

Tumia gia ya kwanza ya zile ndogo, mafuta kidogo, na achia klachi polepole. Mnyororo ukaze kwanza, ndipo gogo lianze kutembea. Usivute kwa kushtua. Mguu ukae karibu na klachi, na macho yarudi kila mara kwenye matairi ya mbele. Yakianza kuwa mepesi kwenye usukani, kanyaga klachi na ushushe gogo. Usiongeze mafuta ili "kumalizia".

Hatua ya 6: Mteremko

Panda au shuka moja kwa moja, usikate mteremko ubavuni. Unaposhuka, liache gogo liguse ardhi ili likusaidie kushika, chagua gia ndogo ukiwa bado juu, na usikanyage klachi katikati ya mteremko. Miezi ya mvua, kuanzia Novemba, udongo mwekundu wa huku unakuwa kama sabuni. Siku hizo trekta langu linabaki nyumbani.

Hatua ya 7: Kufungua

Shusha gogo hadi chini, weka breki ya mkono, zima injini, ndipo ushuke. Hidroliki ya zamani huvuja na kushuka yenyewe, kwa hiyo usiingize mguu chini ya gogo lililoning'inia. Ukishafungua, pitisha mnyororo mkononi, kiungo kwa kiungo. Ukikuta kiungo kilichorefuka au chenye ufa, ukate mnyororo huo vipande siku hiyohiyo, asije mwenzako akauokota.