Kutoka Mwanza hadi ngome ya Thimlich Ohinga: jinsi ya kufika na jinsi ya kuusoma ukuta

Mkazi wa Mwanza akitaka kuona magofu ya kale, wazo la kwanza huwa Kilwa, na hapo inabidi avuke nchi nzima. Kumbe ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari ipo ngome ya mawe inayokadiriwa kujengwa karne ya 16, nayo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2018. Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori, Kenya, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori.

Panga siku mbili. Anayetaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo atafika jioni akiwa hoi na kugeuza bila kuona kitu. Siku ya kwanza panda basi la alfajiri la Sirari, linalopita Magu, Lamadi, Bunda na Tarime, vuka mpaka, ulale Migori. Mtanzania aende na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi. Kadi ya homa ya manjano nayo iwe mkononi, na hapa ndipo wengi hukwama: chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kadi ya juzi haina msaada. Pesa badilisha dukani, si kwa vijana wanaolikimbilia basi.

Siku ya pili, ondoka Migori saa moja asubuhi. Ukiwa peke yako, bodaboda inatosha. Mkiwa watatu au wanne, kodini gari dogo. Patana nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja kabla hamjaondoka, maana ukishaachwa kule kupata usafiri mwingine ni bahati. Epuka masika, Machi hadi Mei: barabara ya udongo ikilowa, pikipiki huteleza na gari dogo hukwama. Beba maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, na viatu vilivyofunika vidole.

Ukifika, usikimbilie ndani. Tafuta mwongozaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kisha uanze na kuta za nje za Kochieng, boma kubwa kuliko yote. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na zaidi ya mita 4, unene mita 1 na kuendelea, na hakuna tope wala chokaa hata kidogo. Simama pale ukuta ulipobomoka kidogo, utaona siri yake: nyuso mbili za mawe makubwa, ya nje na ya ndani, na katikati kumeshindiliwa mawe madogo. Jiwe halikuchongwa, lilichaguliwa na kugeuzwageuzwa mpaka likakaa. Tazama pia jinsi ukuta unavyopinda badala ya kunyooka, na mahali ulipoegemezwa mawe ya ziada ili usilale.

Ndiyo maana hairuhusiwi kuupanda. Kila jiwe limeshikwa na uzito wa jirani yake. Ukichomoa moja ili upige picha nzuri, mawe madogo ya katikati humwagika na uso mzima hufuata. Mizizi ya miti na mifugo hufanya kazi hiyohiyo polepole. Halafu kwenye mianya ya mawe hukaa nyoka.

Langoni, inama. Mlango ni mfinyu na mfupi kwa makusudi, umefunikwa kwa mabamba ya mawe juu: adui alilazimika kuingia mmojammoja, kichwa mbele, na mlinzi akiwa tayari ndani. Ukishapita, tafuta zizi la mifugo, mashimo ya mviringo yanayoonyesha nyumba zilipokuwa, mawe ya kusagia nafaka, na vishimo vya bao vilivyochimbwa mwambani. Ulizia pia sehemu ya wafua chuma. Wageni wengi huiruka, nami naiona ni kosa, kwa kuwa inaonyesha hapa palikuwa makazi kamili, si kimbilio la vita tu.

Waliojenga hawakuwa wa mwisho kukaa humo. Inaaminika walioanza ni watu wa lugha za Kibantu, kisha wakaja Waluo, kundi moja likirithi na kukarabati kazi ya lingine, hadi maboma yalipohamwa karne ya 20. Msukuma ataelewa haraka kazi ya boma, ila kwao uzio ulikuwa wa minyaa. Mwanza ina mawe tele, lakini nani atainua yale majabali? Thimlich mawe ya kubebeka yamezagaa kilimani.

Baada ya Kochieng, yapo maboma mengine: Kakuku, Koketch na Koluoch. Ukibanwa na muda, ona mojawapo tu. Njiani usivunje matawi ya ile miti ya euphorbia iliyosimama kama vinara vya mishumaa. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Ukikurukia, osha papo hapo kwa maji mengi, na usifikiche. Saa nane mchana uwe barabarani, ili ufike Isebania, mji wa mpakani upande wa Kenya, kabla giza halijaingia.