Jinsi ya Kupanga Bajeti ya Nguo za Shule za Kijana wa Sekondari Jijini Tanga

Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Sare, hata hivyo, imebaki juu ya mzazi. Mzazi mwenye kijana anayebalehe hukabiliwa na ugumu wa ziada, kwa kuwa mwili anaoununulia nguo Januari huenda usiingie katika nguo hizo hizo muhula wa pili unapofunguliwa Julai. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ninalomshauri mzazi yeyote ni kuigawa bajeti ya mwaka katika mafungu mawili, la Januari na la Julai, na kutoruhusu Januari imeze kila kitu.

Anza na nguo zilizopo

Mwanzoni mwa Novemba, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, mwambie kijana atoe nguo zake zote za shule na azivae moja moja mbele yako. Usiridhike na kuambiwa kwamba suruali "bado inafaa." Mtazame akiinama, akiketi na akinyanyua mikono juu, kisha andika katika daftari mafungu matatu: zinazofaa kama zilivyo, zinazohitaji mkono wa fundi, na zile ambazo hazimwingii tena na zinaweza kupewa mdogo wake au mtoto wa jirani. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika shughuli hii daftari hilo ni vema likaandikwa na kijana mwenyewe, ili orodha isionekane kuwa hukumu iliyoshushwa na wazazi.

Kwa mtoto anayeingia kidato cha kwanza, mashati meupe ya shule ya msingi yanaweza kuendelea kuvaliwa iwapo hayajambana mabegani na hayajageuka manjano kwapani. Sketi au suruali ya sekondari hutegemea rangi ya shule aliyopangiwa, kwa hiyo usinunue kitambaa kabla ya kuisoma fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Isome yote, pamoja na sehemu ya nguo za michezo na nguo za kazi za nje, maana hapo ndipo wazazi wengi hushtukizwa wiki ya kwanza ya masomo. Vitu vyenye nembo ya shule, kama vile tai au fulana ya michezo, viulizie shuleni kwanza. Shati jeupe na soksi vinapatikana popote.

Ipo njia nyingine ambayo familia nyingi huionea haya bila sababu. Wanafunzi wa kidato cha nne humaliza mtihani wao wa taifa mwezi Novemba, na sare zao hubaki zikining'inia nyumbani. Mulizie mtaani mhitimu wa shule ile ile anayelingana kwa umbo na kijana wako, mwombe mama yake vizuri, na unaweza kupata sweta na tai kwa bei ndogo sana au bure kabisa.

Pima ukuaji kabla ya kupima bei

Wasichana kwa kawaida hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na umri wa miaka 11 hadi 12 hivi, na wavulana miaka 13 hadi 14, ingawa kila mtoto ana wakati wake. Mvulana aliye katika kilele cha kurefuka anaweza kuongezeka sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka mmoja. Nyayo hutangulia: mara nyingi huanza kukua kabla ya urefu wa mwili, na huacha kukua mapema pia. Weka alama ya penseli kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu, na uchore unyayo wake kwenye karatasi, halafu ulinganishe. Alama hizo na michoro hiyo zitakueleza kuhusu bajeti mambo ambayo muuzaji wa duka hawezi kukueleza.

Tuchukue mfano wa viatu, kwa bei za kuhesabia tu. Jozi ya shilingi 15,000 ikidumu miezi 4, kila mwezi umetumia shilingi 3,750. Jozi ya ngozi ya shilingi 30,000 ikidumu miezi 10, kila mwezi ni shilingi 3,000, na hapo msemo wa rahisi ghali umesimama sawasawa. Lakini iwapo mguu wa kijana utaishinda jozi hiyo ya ngozi baada ya miezi 6, kila mwezi umegharimu shilingi 5,000, na kiatu kimeachwa kikiwa bado kizima. Kwa hiyo kiatu cha gharama kubwa kinamfaa kijana ambaye michoro yake ya unyayo haijabadilika kwa nusu mwaka, au yule mwenye mdogo wake atakayekirithi. Kwa kijana ambaye mguu wake bado unakimbia, chagua kiatu cha bei ya kati chenye soli iliyoshonwa, na uweke akiba ya kununua kingine Julai.

Mpeleke dukani jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya shughuli za siku, na umwambie avae soksi za shule. Nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya kidole kirefu inatosha. Katika namba za viatu za Ulaya, ambazo ndizo zinazoonekana zaidi madukani, namba moja huongeza kama milimita 7 tu, kwa hiyo kuongeza namba moja ni busara. Kuongeza namba tatu ni kumtesa mtoto: atatembea akiburuta miguu, soli italika upande mmoja, na fedha uliyodhani umeiokoa itakuwa imekwenda.

Suruali na sketi zina nafuu ambayo viatu havina, nayo ni upindo. Kijana anaporefuka, sehemu kubwa ya ongezeko hilo inaweza kuwa ya miguu, hivyo mwombe fundi aache upindo wa sentimita 6 au 7 chini ya suruali, na akiba ya kitambaa kiunoni. Upindo ushushwe mapema, kabla kitambaa cha nje hakijapauka, la sivyo mstari wa rangi utaonekana na kijana ataikataa suruali hiyo, na kwa kweli hatakuwa na makosa. Kama kitambaa kina pamba nyingi, kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kisinywee baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Hali ya Tanga yenyewe

Mji wetu ni tambarare na baiskeli ni nyingi. Kijana anayeendesha kutoka Makorora, Mikanjuni au Pongwe hadi shuleni kila siku huichakaza suruali makalioni na kwenye ukingo wa mguu wa kulia, panapopita mnyororo. Mwombe fundi aongeze kitambaa cha ndani makalioni tangu suruali ikiwa mpya, na kijana afunge kibana cha mguu au akunje suruali anapoendesha. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na suruali nyingine katikati ya muhula. Kwa msichana anayeendesha baiskeli, sketi ya marinda yenye upana wa kutosha hudumu kuliko iliyobana, nayo humpa stara bila kaptura ya ndani kuonekana.

Joto la Kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi halivumilii shati kuvaliwa siku mbili. Mashati mawili ndicho kiwango cha chini kabisa. Matatu ni heri, hasa ikizingatiwa kwamba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, shati lililofuliwa jioni huamka likiwa bado bichi. Iwapo fedha haitoshi Januari, nunua mawili, la tatu liandikwe katika hesabu ya Februari. Chagua kitambaa chenye mchanganyiko wa pamba na poliesta: poliesta tupu huchemsha mwili, na pamba tupu hudai pasi kila asubuhi. Doa la jasho lisugue kwa sabuni ya mche kabla ya kuloweka, na uache mazoea ya kumimina dawa ya kung'arisha nguo kila wiki, kwani hudhoofisha nyuzi na huweza kuzidisha umanjano.

Sweta kwa mwanafunzi wa Tanga mjini ni la kutimiza fomu, kwa hiyo la mtumba lenye rangi inayotakiwa linatosha kabisa. Aliyepangiwa kidato cha tano Lushoto ana habari nyingine. Huko ni takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na masomo ya kidato cha tano huanza Julai, wakati baridi ya Usambara iko katika ukali wake. Fungu lake la sweta zito, soksi nene na blanketi litangulie mbele ya mengine yote, hata kama itambidi aende na shati la zamani.

Kugawa fedha

Tuseme familia imetenga shilingi 150,000 kwa mwaka kwa kijana wa kidato cha pili anayeishi nyumbani, na ukaguzi umeonyesha kwamba ana shati moja zuri, suruali moja yenye upindo uliobaki na nyingine iliyochanika, pamoja na viatu vinavyombana. Fungu la Januari linaweza kuwa hivi: viatu 30,000, suruali mpya 18,000, shati moja 12,000, soksi jozi tatu 6,000, nguo za ndani 10,000, na fundi wa kushusha upindo na kutia kiraka 4,000. Jumla ni 80,000. Zinabaki 70,000, ambapo 35,000 zinawekwa kwa ajili ya Julai, 15,000 ni za dharura, na 20,000 anakabidhiwa kijana kwa nguo zisizo za shule.

Hizo 20,000 ndizo zenye mafunzo makubwa kuliko nyingine zote, na ndizo wazazi wengi huzinyima. Mweleze mapema mipaka ya stara inayokubalika nyumbani kwenu, mweleze pia kwamba zikiisha zimeisha, kisha umwachie. Akitaka raba zinazovaliwa na wenzake na bei yake inazidi fungu lake, aongeze kwa fedha aliyoiweka mwenyewe au asubiri. Kwenye sare usikubali mashindano ya aina hiyo; kwenye nguo za nyumbani usimwingilie kila anaposhika shati.

Kwa familia za Kiislamu, hesabu hii lazima itazame Idi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, na katika miaka hii Idi ya Mfungo Mosi imesogea hadi Machi, na inaendelea kukaribia Februari. Maana yake ni kwamba nguo ya Idi sasa inafuata nyuma ya sare kwa wiki chache tu. Kanzu au baibui ya Idi ishonwe kwa namna ambayo itafaa pia Ijumaa na madrasa, na gharama yake iandikwe mapema badala ya kukopwa Ramadhani ikikaribia kwisha.

Msichana huhitaji mistari ambayo mara nyingi haiandikwi: sidiria, nguo za ndani za kutosha, taulo za kike, na mitandio miwili ya shule iwapo anavaa hijabu. Si lazima aitaje mbele ya baba au kaka zake. Mama, shangazi au somo wake aketi naye, ampe baba jumla ya fedha inayotakiwa, na baba aitoe bila kudai mchanganuo.

Kuhusu mahali pa kununua, zunguka kwanza bila fedha. Linganisha bei katika barabara zenye namba za Ngamiani na kule Mgandini, uandike, urudi siku ya pili kununua, ukihesabu pia nauli. Mtumba unafaa kwa sweta, begi na nguo za nyumbani. Kagua kwapa, zipu na mishono kwenye mwanga wa jua. Viatu vya mtumba vya shule mimi sivipendi, kwa kuwa soli imekwishafuata mguu wa mtu mwingine. Nguo za kushona zipelekwe kwa fundi Novemba, maana Januari mafundi huelemewa na ahadi zao huwa nyingi kuliko cherehani zao. Kama unacheza upatu, omba zamu ya Novemba badala ya Desemba. Wengi huigombania Desemba, na wewe utakuwa umeshamaliza kwa fundi. Asiye na upatu aanze kibubu Julai, muhula wa pili ukifunguliwa: shilingi 1,000 kwa siku za kazi tano za wiki hufika zaidi ya 100,000 kabla ya Desemba.

Juni, shule zikifungwa, rudieni ukaguzi ule ule wa kuvaa na kupima, daftari likiwa wazi. Zile 35,000 zitumike kwanza kwa kile kilichozidiwa na mwili, ambacho mara nyingi ni viatu, halafu kwa kilichochakaa. Kikibaki chochote, pamoja na fungu la dharura lisiloguswa, kitangulizwe kwenye kibubu cha Januari inayofuata.