Mambo ya kuzingatia kabla ya kusaini ufadhili wa uzamivu wa ardhioevu ughaibuni

Tangazo likisema ufadhili ni kamili, uliza: kamili kwa ada ya nani? Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa kigeni hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji, na zipo fedha zinazolipa kiwango cha mwenyeji tu. Pengo linakuwa lako. Mabaraza ya utafiti ya huko, chini ya UKRI, taasisi ya umma inayofadhili utafiti Uingereza, yaliwafungulia wageni mlango mwaka 2021, ila kwa kawaida wasizidi asilimia 30 ya kundi la mwaka. Omba mapema.

Vyeti, barua za wadhamini, mtihani wa lugha: haya unayajua. Msimamizi mwandikie kabla ya kujaza fomu yoyote. Weka akiba ya viza na huduma ya afya, maana hulipwa kabla posho ya kwanza haijaingia.

Sasa sikiliza vizuri. Ardhioevu haifuati kalenda ya chuo, na saa ya ufadhili huanza kugonga siku ya usajili. Mwenzetu mmoja alikwenda kuchunguza kina cha maji na ndege wahamaji kwenye kinamasi cha mafunjo. Akaanza Oktoba: kozi, andiko, kamati ya maadili. Kibali cha utafiti akakiomba baada ya yote hayo. Kilipotoka, maji yalikuwa yameshuka na ndege wameshaondoka. Akasubiri msimu mwingine huku posho ikiliwa na kodi ya nyumba. Alipopata takwimu, zilikuwa za msimu mmoja, nazo haziwezi kukuambia kama maji yamepunguzwa na ukame au na mfereji uliochimbwa kwenda mashambani. Wasimamizi wakataka msimu wa pili. Posho ikakatika katikati yake, chuo kikadai ada ya kuendelea, na viza nayo ikataka kuongezwa. Alimaliza, lakini sura mbili za mwisho aliziandika usiku, akitoka kazi ya kufanya usafi.

Kwa hiyo hesabu misimu kabla ya kuhesabu pesa. Uliza kwa maandishi kama ufadhili unaweza kusimamishwa ukisubiri maji. Kibali kiombe mara tu mada ikipita. Eneo kuwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa 1971 wa kulinda ardhioevu, hakukupi ruhusa ya kuingia: mkataba ule hautoi vibali, nchi husika ndiyo hutoa. Ukichukua mimea au vijidudu kwa ajili ya vinasaba, Itifaki ya Nagoya ya 2010, inayohusu ruhusa ya kutumia vinasaba na kugawana faida zake, inaweza kukuhusu. Na tope lina masharti yake: nchi nyingi haziruhusu udongo kuingia bila leseni, kwa hofu ya wadudu na magonjwa. Ulizia maabara iliyo karibu na kinamasi kabla hujafunga maboksi.

Soma pia kipengele kinachokutaka urudi nyumbani ukimaliza. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unacho. Nani analipia mtumbwi? Vifaa vikisombwa? Ukipata kichocho je? Maboya ya kujiokolea yaingie kwenye bajeti, na mtu wa kukusindikiza pia, na usiingie majini peke yako hata kama wenyeji wanaingia…