Kabla ya Kwenda Kurekodi Mwaloni Kibirizi

Anayetoka Dar es Salaam kuja kurekodi video Mwaloni Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika huko Kigoma, abadilishe kwanza hesabu ya jua. Saa ni ileile, lakini Kigoma iko karibu digrii 10 magharibi zaidi, na kila digrii ni dakika 4. Jua linachelewa kwa takriban dakika 40. Linachomoza karibu saa 1 asubuhi, linafika utosini karibu saa 7 mchana, linazama upande wa Kongo karibu saa 1 jioni. Ratiba inayosema "saa 12 asubuhi, mitumbwi inarudi" inakupeleka kurekodi gizani. Tazama na mwezi pia: dagaa huvutwa kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii ziwani. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi 3, kuanzia 15 Mei, basi ulizia tarehe kabla hujakata tiketi. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hakipatikani mlangoni.

Neno la kwanza ambalo mpiga picha na mhariri wakubaliane ni fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha moja moja zinazounda kila sekunde ya video. Chagueni 25. Sababu ni umeme: wetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera ikiwekwa fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, mwendo wake haulingani na kumeta huko, na mistari myeusi inatambaa juu ya picha mara tu unapoingia dukani. Kwa fremu 25 na shata 1/50, taa zinatulia na mwendo wa watu unabaki wa kawaida. Taa za LED za wavuvi zinatumia betri, hazifuati hezi 50. Rekodi klipu ya sekunde 10, itazame, kisha badilisha shata kidogo kidogo mpaka mistari ipotee. Simu ina ugonjwa wake: idadi ya fremu hupanda na kushuka yenyewe. Ukiingiza faili hilo moja kwa moja kwenye programu ya kuhariri, sauti inaachana na midomo polepole. Dakika ya kwanza huoni kitu, ya kumi unaona aibu. Geuza faili liwe na idadi ya fremu isiyobadilika kabla ya kukata chochote.

Ukishaifunga shata kwenye 1/50, mwanga wa mchana utakuzidi. Shata ni muda wa mwanga kuingia, tundu la lenzi ni upana wa mlango wake (namba ya f ikiwa kubwa, mlango ni mdogo), na ISO ni kukuza kile kilichokwisha kuingia. Jua likiwa kali, kwa ISO 100 na shata 1/50, unahitaji tundu la f/22. Ukitaka f/2.8 ili uso ujitokeze na mandhari ya nyuma yafifie, mwanga unazidi kwa stopu 6; kila stopu ni mara mbili, kwa hiyo jumla ni mara 64. Hapo ndipo kichujio cha ND64 kinapohitajika. Ni miwani ya jua ya lenzi. Wengi hupandisha shata hadi 1/2000 badala yake, na mikono ya mama anayegeuza dagaa kwenye chanja inaonekana ikikatikakatika kana kwamba video inakwama.

Dagaa hao nao ni mtihani. Wakiwa wabichi, wamejipanga upande mmoja, wanarudisha mwanga kama vipande vya kioo. Washa alama ya pundamilia kwenye kamera: mistari itakaa juu ya kila sehemu iliyoungua, yaani iliyozidiwa na mwanga hadi ikawa nyeupe tupu. Giza dogo mhariri atalinyanyua. Sehemu iliyoungua haina taarifa yoyote ndani yake, hata programu ya bei kubwa hairudishi kisichokuwepo. Jioni mgeuze anayehojiwa atazame ziwa. Akilipa ziwa mgongo, jua liko nyuma yake na utapata kivuli kinachoongea.

Bitireti ni kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde, na huhesabiwa kwa biti, si baiti. Biti 8 ndizo baiti 1. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, sawa na 750 kwa dakika. Kadi ya GB 64 itabeba dakika 85 hivi, si siku nzima. Nunua yenye alama ya V30, inayohimili kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi ya polepole husimamisha kurekodi katikati ya sentensi ya mtu.

Sauti ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayofukuza watazamaji. Upepo wa ziwani ukigonga maiki tupu, mngurumo unafunika maneno, na kuusafisha kunaharibu sauti ya msemaji. Beba kifuniko cha manyoya. Maiki ya kifuani ikae shubiri moja chini ya kidevu, kilele cha sauti kwenye kipimo kigote karibu na desibeli -12, na sampuli (mara ambazo sauti hupimwa kila sekunde) iwe kilohezi 48. Mkitumia kinasa sauti cha pembeni, piga kofi moja mbele ya kamera ili mhariri aoanishe sauti na picha. Kisha wote mnyamaze, mrekodi sekunde 30 za sauti ya mahali pale. Bila hizo, kila mkato utasikika kama shimo.

Mezani, jueni kuwa faili la mradi si video. Lina maelekezo tu: kata hapa, unganisha pale. Ukihamisha folda ya klipu, taimulaini (mstari wa muda unapopanga klipu) inabaki bila picha na nyekundu hadi uzitafute upya. Kompyuta ikielemewa na video ya 4K (picha yenye nukta nyingi sana), tengeneza proksi, nakala nyepesi za kukatia. Programu itarudi kwenye klipu halisi wakati wa kutoa video.

Usiku huohuo, nakili kila kadi kwenye diski mbili, kila moja ikae begi lake. Fungua klipu ya mwisho kwenye kila diski, icheze hadi mwisho. Ndipo kadi ifomatiwe, yaani ifutwe yote, ndani ya kamera yenyewe.