Somo: Chora korosho mara moja, uitumie msimu mzima (maumbo na njia ndani ya Photoshop)

Wadau, habari za leo. Msimu wa korosho ukikaribia, sisi wa kazi za grafiki hapa Mtwara tunajua kinachokuja: lebo za vifungashio, mabango, fulana, stika za magari, na kila mteja anataka korosho kwenye nembo yake. Ukifungua maumbo yaliyo tayari ndani ya Photoshop unakuta miti, wanyama pori, mashua na maua. Korosho hakuna. Basi wengi tunapakua picha mtandaoni, tunaipitishia kifutio pembeni, na kazi inatoka na kingo zilizoliwa.

Mimi yalinikuta. Nilimtengenezea mteja kadi ndogo yenye korosho niliyoipaka kwa brashi, akaipenda. Baada ya wiki mbili akarudi: anataka ileile kwenye bango la mita 3. Nikaivuta, nikapeleka kuchapwa. Bango lilipofunguliwa, ukingo wa korosho ulikuwa na meno kama msumeno. Nililirudia kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo umbo lolote nitakalolitumia zaidi ya mara moja nalichora kwa njia.

Tofauti ni hii. Picha ya kawaida ni vipande vidogo vya rangi, yaani pikseli, na ukiikuza vipande navyo vinakua. Njia ni nukta chache na mistari inayoziunganisha kwa hesabu. Ikuze utakavyo, kompyuta inapiga hesabu upya na ukingo unabaki laini. Mipindo hiyo ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora bodi za magari.

Hatua ya 1: Picha ya kufuatisha. Chukua korosho moja yenye ganda, ilaze juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mgongo juu, tumbo chini. Piga picha ukiwa juu yake kabisa, usiinamishe simu. Ifungue ndani ya Photoshop, bofya alama ya kufuli kwenye leya ili ifunguke, kisha shusha "Opacity", yaani uzito wa picha, hadi asilimia 50 hivi ili ififie.

Hatua ya 2: Kalamu. Bonyeza P. Kwenye mstari wa juu chagua "Path". Ukiacha "Shape", rangi itajaa unapochora na kuifunika picha unayoifuatisha.

Hatua ya 3: Nukta sita tu. Hapa ndipo penye kazi, tusiharakishe. Ukibofya na kuachia, unapata kona. Ukibofya na kuburuta bila kuachia, nukta inaota mikono miwili, na mikono ndiyo inayopinda mstari. Korosho haina kona, kwa hiyo kila nukta tutaburuta.

Ya kwanza iweke juu kabisa ya mgongo, buruta kwenda kulia. Ya pili mwisho wa upande wa kulia, buruta kwenda chini. Ya tatu chini ya kichwa cha kulia, buruta kwenda kushoto. Ya nne ndani ya kibonyeo cha tumbo, pale panapoingia zaidi, buruta tena kushoto, lakini fupi. Ya tano chini ya kichwa cha kushoto, kushoto vilevile. Ya sita mwisho wa upande wa kushoto, buruta kwenda juu. Kisha rudi kwenye nukta ya kwanza. Ukiona kiduara kidogo kando ya kalamu, bofya na kuburuta kulia, njia imefungwa.

Mkono usizidi sana theluthi moja ya urefu wa kipande kilichopo kati ya nukta mbili. Ukiwa mrefu mno, mstari unavimba. Na mwenye mazoea ya kubofya kila milimita aache: nimeona korosho ya nukta arobaini, ina mabonde kama barabara ya masika. Nukta ziwe pale mpindo unapogeuka, basi.

Hatua ya 4: Rekebisha. Ukiwa bado na kalamu, shikilia Ctrl. Inageuka mshale mweupe kwa muda. Sogeza nukta au mkono mpaka mstari ulale juu ya ganda. Mshale mweusi, kwa herufi A, unahamisha njia nzima kwa pamoja.

Hatua ya 5: Ipe jina. Nenda "Window", fungua "Paths". Utaona "Work Path" kwa maandishi yaliyolala. Hiyo ni ya muda, ukianza kuchora njia nyingine bila kuichagua hii, inafutika. Ibofye mara mbili, andika Korosho.

Hatua ya 6: Iingize ghalani. Njia ikiwa imechaguliwa, nenda "Edit", kisha "Define Custom Shape", andika jina, kubali. Sasa bonyeza U, shikilia kitufe cha mstatili mpaka orodha ishuke, chagua "Custom Shape Tool". Kwenye orodha ya maumbo, korosho yako ipo pamoja na yale yaliyotoka kiwandani. Safari hii juu chagua "Shape", shikilia Shift ili isibanwe wala kurefuka, uburute. "Pixels" nakushauri uiache kabisa. Ndiyo iliyo karibu na kosa langu la bango.

Hatua ya 7: Kutoboa. Lebo nyingi zinapendeza zikiwa duara lenye korosho iliyotobolewa katikati. Chora duara kwa "Shape". Leya yake ikiwa imechaguliwa, chukua korosho, shikilia Alt kabla ya kuanza kuburuta. Ukishaanza, achia Alt na ushike Shift. Usipoiachia Alt, umbo litakua kutoka katikati na halitakaa ulipotaka. Ukishika Shift kabla ya kuanza, itaongeza badala ya kutoboa. Wengi wananaswa hapo, kwa sababu kitufe kimoja kina kazi mbili kulingana na wakati ulipokibonyeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Nachingwea: Kaka, "Define Custom Shape" kwangu imefifia, haibofyeki. Nimerudia mara tatu.

Jibu: Pole ndugu yangu. Kompyuta haijui unataka njia ipi. Rudi "Paths", bofya jina la njia mpaka mstari uonekane juu ya picha, ndipo uende "Edit".

Mdau wa Newala: Shikamoo mwalimu. Zamani kulikuwa na maumbo mengi, mishale, alama za tiki, fremu. Baada ya kuweka toleo jipya siyaoni.

Jibu: Marahaba. Hayajafutwa, yamefichwa tangu toleo la 2020. Nenda "Window", fungua "Shapes", bofya vile vistari vilivyo kwenye pembe ya juu kulia, chagua "Legacy Shapes and More". Yatarudi yote.

Mdau wa Mikindani: Nataka ua la petali nane kama lililochongwa kwenye milango ya zamani ya huku kwetu. Nichore petali zote nane?

Jibu: Hapana dada, chora moja, nyembamba chini na pana juu. Ichague kwa mshale mweusi, bonyeza Ctrl+Alt+T. Sogeza alama ya katikati hadi kwenye ncha ya chini ya petali. Kama huioni, weka tiki kwenye kisanduku chake mstari wa juu. Andika pembe 45, bonyeza Enter. Kisha Ctrl+Alt+Shift+T mara sita. Zinajipanga zenyewe kwa nafasi sawa. Ukimaliza tuwekee hapa tuone, milango ile inastahili kuingia kwenye kazi zetu.

Mdau wa Masasi: Mkuu, mimi nakata stika kwa plota. Nikipeleka JPG inakata hovyo.

Jibu: Plota, yaani mashine ya kukata, inafuata mstari, na JPG ni picha ya pikseli, haina mstari. Nenda "File", "Export", kisha "Paths to Illustrator". Faili hilo lina njia tupu, kisu kitapita juu yake.

Mdau wa Ruangwa: Sina Photoshop, kompyuta yangu ni ndogo.

Jibu: Chukua Inkscape, ni bure na imetengenezwa kwa ajili ya njia hasa. Nukta na mikono ni vilevile, na hifadhi kwa SVG, aina ya faili linalotunza njia. GIMP nayo ni bure na ina kalamu ya njia kwa herufi B, ila ghala la maumbo kama hili haina. Njia zako zitoe kama SVG na kuziingiza tena ukizihitaji.

Mdau wa Lindi mjini: Mashine ikifa, maumbo yangu yanakwenda nayo?

Jibu: Yanakwenda, ndugu yangu. Kwenye "Shapes" yachague, fungua vile vistari vya pembeni, bofya "Export Selected Shapes". Utapata faili la CSH. Liweke kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe. Mimi nafanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi.