Kutambua mwisho wa faili katika lugha ya C

Ndani ya faili hakuna alama inayosema "hapa ndipo mwisho". Linux inajua ukubwa wa faili tu. Mwisho hujulikana pale programu inapoomba data ikajibiwa kwamba hakuna tena. Kwa hiyo soma kwanza, ndipo uangalie jibu ulilopewa.

Hatua ya 1: Herufi mojamoja

```c
int c;
while ((c = getchar()) != EOF)
    putchar(c);
```

Zingatia hiyo `int`. Wengi wanaoanza huandika `char c`, na hatari yake ni kwamba programu huonekana nzima kwa muda mrefu. `getchar` ina majibu 257: baiti yoyote kuanzia 0 hadi 255, pamoja na `EOF` (kifupi cha "end of file", yaani mwisho wa faili), ambayo ni namba hasi, kwa kawaida -1. Majibu yote hayo hayaenei katika baiti moja. Kwenye Linux ya Intel, `char` hubeba namba hasi, hivyo baiti 255 husomeka kama -1 na kazi hukatika katikati ya faili. Kwenye Linux ya ARM, kama ile ya Raspberry Pi, `char` haina hasi: -1 hugeuka 255, hailingani na `EOF` kamwe, na programu haisimami.

Hatua ya 2: Mstari kwa mstari

```c
char mstari[256];
while (fgets(mstari, sizeof mstari, f) != NULL)
    fputs(mstari, stdout);
```

Hapa `f` ni faili uliyokwisha kuifungua, na `NULL` ni jibu la `fgets` isipopata cha kusoma. Tafadhali usiandike `while (!feof(f))`, hata kama umeiona kwenye masomo mengi. `feof` haitabiri chochote. Hukubali baada tu ya usomaji kugonga mwisho. Mstari wa mwisho ukishasomwa pamoja na alama yake ya mstari mpya, `feof` bado hukana. Programu huzunguka tena, `fgets` hushindwa, na kwa kuwa maneno ya zamani bado yamo ndani ya `mstari`, huchapwa mara ya pili.

Hatua ya 3: Namba

Tumia `while (scanf("%d", &n) == 1)`. Ukilinganisha na `EOF`, mtu akiandika "abc" `scanf` hurudisha 0, "abc" hubaki palepale, na programu huizunguka bila kikomo.

Hatua ya 4: Mwisho au hitilafu?

`EOF` na `NULL` hurudi pia diski inaposhindwa kusomeka. Baada ya mzunguko weka:

```c
if (ferror(f)) perror("kusoma");
```

Hatua ya 5: Jaribu

Kwenye kibodi, bonyeza Ctrl+D mwanzoni mwa mstari (Linux na Mac), au Ctrl+Z kisha Enter (Windows). Katikati ya mstari, Ctrl+D hukabidhi tu ulichokwisha kuandika, hivyo ibonyeze mara mbili.

Kisha ipe programu ya hatua ya 1 (hapa inaitwa `soma`) baiti 255 yenyewe, inayoandikwa `\377`; `wc -c` huhesabu baiti zilizotoka:

```
printf 'abc\377def' > jaribio
./soma < jaribio | wc -c
```

Jibu sahihi ni 7. Ukipata 3, rudi ukaangalie kama uliandika `char`.